Kutengeneza uso wa mufanyakazi haiko urembo

Kuko neno moja la Kifaransa lenye linaumiza wafanyakazi wa migodi kuliko jiwe: neno « esthétique ». Mutu anavunjika taya kazini. Wanamufunga, kidonda kinakauka, anarudi nyumbani. Lakini jicho moja linabaki chini ya lingine, kovu linavuta mudomo, na akikula chakula kinatoka pembeni. Munganga anaandika kama inafaa operasio ya pili. Karatasi inapanda kwa biro, kisha inashuka na jibu: hiyo ni esthétique, kompani hailipi urembo.

Sisi wa sendika tumeshasoma jibu la namna hii mara nyingi. Wazazi wenye mutoto wao amezaliwa na mudomo wa kupasuka wanalipata vilevile, neno kwa neno. Na tuseme wazi: kosa haliko la biro tu. Wakati wa kuongea convention collective, tunabishana siku tatu juu ya mushahara, usafiri na mufuko wa unga, lakini ukurasa wa matunzo tunaupitisha kwa dakika kumi, juu kila mutu amechoka. Ndani ya ukurasa ule njo kuko mutego.

UFUNDI WA USO

Tuanze na mambo ya kawaida. Taya njo inatafuna. Mudomo unashika mate na unatoa maneno. Pua inapitisha pumuzi. Kope inafunga jicho na kulinyweshea machozi. Kope ikivutwa na kovu la moto mupaka haifungiki tena, jicho linakauka, linapata vidonda, na mwisho linaweza kupofuka. Taya ikiunga vibaya, meno ya juu na ya chini hayakutani tena, na mutu anakula uji kama mutoto. Sasa mutu wa biro atuambie: kutafuna ni urembo? Kuona ni urembo?

Namna za kuumia uso tunazijua wote. Jiwe linatoka juu. Baruti inalipuka wakati mutu bado anachungulia. Gurudumu ya kamio kubwa inapasuka wakati wanaipulizia hewa. Cheni inakatika. Na kuko asidi. Viwanda vyetu vya shaba na kobalti vinatumia asidi ya salfa, na asidi ile inatembea ndani ya mabomba, tena inatembea barabarani katikati yetu. Tarehe 20 Februari 2019, kamio ya asidi iligongana na magari mengine kwa Kabwe, barabara ya kwenda Kolwezi. Watu zaidi ya 18 walikufa, na wengine wakaunguzwa. Asidi haiulizi kama wewe ni mufanyakazi ao mama mwenye kwenda soko.

Mwaka wa 1901, munganga Mufaransa René Le Fort, wa muji wa Lille, alionyesha jambo moja lenye linatusaidia mupaka leo. Alipigisha vichwa vya maiti kwa nguvu mbalimbali, kisha akafungua kuangalia. Aliona kama mifupa ya katikati ya uso haivunjiki ovyo; inafuata mistari mitatu. Mupaka sasa wanganga wanaandika Le Fort 1, Le Fort 2, Le Fort 3. Mukiona neno hilo kwa karatasi ya mugonjwa wenu, mujue hawaongei juu ya ngozi. Mifupa yenye kubeba meno, pua na macho njo imeachana na kichwa.

Mifupa hii wanaitengeneza kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kufunga meno ya juu na ya chini kwa waya, wiki nne mupaka sita, na mugonjwa anakunywa chakula kwa murija. Ya pili ni kuweka vibati vidogo vya titani na vis juu ya mufupa. Mara nyingine wanafanya zote mbili. Lakini wakati ni mufupi. Mufupa wa uso unafaa kurudishwa mahali pake katika wiki mbili hivi za kwanza. Nyuma ya pale unaanza kuunga vile uko, na ili kuunyoosha inaomba kuuvunja tena. Kwa hiyo biro ikikawia na saini yake wiki tatu, haikukawisha karatasi tu. Karatasi ilikuwa inalala, lakini mufupa haukulala. Uliendelea kuunga, tena kwa upande.

Moto na asidi viko na hesabu ingine. Munganga anatoa ngozi kwa paja ao nyuma ya sikio, anaipandikiza usoni. Kisha kovu linavuta, inafaa kulifungua tena. Operasio moja haitoshi karibu siku zote, na kazi inaweza kuchukua miaka. Jambo hili mulikamate vizuri, juu tutalirudilia wakati wa kuongea mikataba.

MUTOTO MWENYE KUZALIWA NA MUDOMO WA KUPASUKA

Mudomo wa kupasuka, wenye wengine wanaita mudomo wa sungura, unatokea wakati pande mbili za uso wa mutoto hazikukutana ndani ya tumbo. Kazi ile ya kukutana inafanyika katika miezi mitatu ya kwanza, mara nyingi mbele mama ajue vizuri kama ana mimba. Duniani wanahesabu karibu mutoto mumoja juu ya watoto 700 ao 1000. Mara ingine ni mudomo tu, mara ingine paa ya kinywa pia iko wazi, na maziwa yanatokea kwa pua.

Haiko uchawi. Haiko mama alicheka kilema cha mutu. Sababu ziko nyingi na zinachanganyikana: damu ya jamaa, chakula cha mama, pombe, tumbako, dawa fulani. Lakini sisi watu wa migodi tuko na swali letu sisi wenyewe, na tunapaswa kuliuliza kwa sauti.

Wanganga wa Université ya Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walichunguza watoto wenye walizaliwa Lubumbashi kati ya 2013 na 2015. Walilinganisha watoto 138 wenye walizaliwa na kilema cha kuonekana, cha namna mbalimbali, na watoto 108 wenye hawakuwa nacho. Majibu yalitoka mwaka wa 2020 katika gazeti la wanganga, The Lancet Planetary Health. Walikuta kama baba kufanya kazi ya migodi kuliongeza hatari ya kilema, mara tano na zaidi. Tusome vizuri, tusiogopeshane bule. Hesabu ya watu ilikuwa ndogo, kwa hiyo kipimo hicho kinaweza kupanda ao kushuka. Haisemi kama kila mutoto wa mineur atazaliwa na kilema, na haisemi kama kilema cha mutoto fulani kimetoka kwa mugodi fulani. Lakini inatosha ili delege wa sendika aweke mezani maneno mawili. La kwanza: nguo za kazi zifuliwe kazini, na mutu aoge mbele ya kurudi, ili vumbi lisiingie nyumbani. La pili: kompani yenye inasema kama mudomo wa mutoto ni mambo ya urembo, ikumbuke kama bado kuko swali lenye halijajibiwa.

Operasio yenyewe inajulikana vizuri. Mudomo wanaushona kuanzia miezi mitatu hivi, mutoto akikuwa na kilo za kutosha na damu ya kutosha. Paa ya kinywa inafungwa nyuma yake, kati ya miezi 9 na 18, ili mutoto aanze kusema na kinywa chenye kufungika. Mbele ya pale, shida kubwa ni kunyonya. Mutoto mwenye paa wazi hawezi kuvuta titi. Mama akamue maziwa yake, amupe kwa kijiko ao kikombe kidogo, mutoto akiwa wima. Watoto wengine wanakufa na njaa mbele munganga awaguse, na ile njo inauma zaidi, juu kijiko hakiombi saini ya mutu.

Tangu Septemba 2023 serikali ilianzisha mupango wa kuzaa bure, ikianzia Kinshasa. Ni jambo zuri. Lakini kwa wanganga mutoto muchanga ni wa siku 28 za kwanza, na operasio ya mudomo inakuja kwa miezi mitatu. Mutoto wetu anaanguka katikati ya hesabu mbili. Kwa hiyo muulize kwa lopitali kubwa ya provensi kuhusu mashirika yenye yanalipia operasio hii. Smile Train, tangu 1999, inalipia wanganga wa inchi yenyewe wapasue. Operation Smile, tangu 1982, inatuma wanganga kwa vipindi, na Congo imeshafika. Kwa mashirika haya jamaa hailipi operasio. Mutu akiwaomba franga kwa jina lao, muulize delege ao munganga mukubwa mbele ya kutoa.

Kuko tena ugonjwa wenye unakula uso wa mutoto: noma. Unaanza kama kidonda kwa ufizi, kwa mutoto mudogo mwenye njaa ao mwenye ametoka kuugua surua. Kwa siku chache tu shavu linatoboka. Pasipo dawa, unaua watoto mupaka 90 juu ya 100. Dawa ya mapema ni antibiotiki, kuosha kinywa na chakula kizuri, haiko kitu cha bei kali. Desemba 2023 OMS iliuweka kwa orodha ya magonjwa yenye kusahauliwa. Harufu mbaya ya kinywa na ufizi wenye kuoza kwa mutoto mukondefu: musingoje kesho.

WENGINE WALIPIGANIA USO MBELE YETU

Jibu lile la « esthétique » halikuzaliwa Katanga. Vita vya 1914–1918 vilirudisha Ufaransa maelfu ya waaskari wenye uso kuvunjwa na vyuma vya bunduki. Watu waliwaita « gueules cassées ». Kule Uingereza, kwa lopitali ya Sidcup, munganga Harold Gillies, mwenye kuzaliwa New Zealand, na wenzake walitunza watu zaidi ya 5000 wa namna ile. Waliwapasua mara nyingi, mutu mumoja kwa operasio kadhaa, miaka nenda rudi. Mambo mengi yenye wanganga wanafanya leo kwa mineur wa Kolwezi yalifunzwa juu ya waaskari wale.

Lakini kinachotuhusu sisi wa sendika ni kitu kingine. Tarehe 28 Juni 1919, siku ya kusaini amani kwa Versailles, Ufaransa iliweka watu watano wenye uso kuvunjika mbele ya wakubwa wa dunia, ili waone bei ya vita. Wakubwa waliona, wakasaini, wakaenda. Watu wale walirudi kwao na kukuta kama ni rahisi kuhesabia mutu franga ya mukono ao ya muguu, lakini uso ni vigumu kuuhesabia. Watoto waliwakimbia, kazi zikawakataa. Mwaka wa 1921 waliunda umoja wao, Union des blessés de la face. Mwaka wa 1927 walipata nyumba yao, kwa Moussy. Walichanga, walichezesha tombola, na tombola yao ilifungulia njia Loterie nationale ya 1933. Hawakupewa kwa huruma. Walijiunga, wakahesabiana, wakadai kwa jina la wote. Hiyo lugha sisi tunaielewa pasipo mutafsiri.

SHERIA INASEMA NINI

Code du travail yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iko wazi. Mufanyakazi akigonjwa ao akiumia, hata kama haikutoka kwa kazi, mwajiri anapaswa kutoa matunzo ya munganga na ya operasio, kwake na kwa jamaa yake. Sheria inasema operasio. Haikusema operasio ya mukono na muguu tu. Mutoto mwenye mudomo wa kupasuka ni mugonjwa wa jamaa ya mufanyakazi, basi.

Lakini shimo liko hapa: deni hilo la mwajiri linatembea na mukataba. Mukataba ukiisha, matunzo yanaisha. Sasa mukumbuke tulichosema kuhusu uso wa kuungua: operasio nne, tano, miaka miwili mitatu. Na mukataba wa sutretansi ni miezi mitatu, miezi sita. Uchunguzi wa shirika RAID pamoja na CAJJ, wenye ulitoka Novemba 2021, ulikuta kama kwa migodi tano mikubwa ya viwanda, karibu 57 juu ya 100 ya wafanyakazi wako chini ya kompani za sutretansi. Maana yake ni hii: zaidi ya nusu yetu tunaweza kukatiwa mukataba uso ukiwa nusu.

Ikiwa mutu aliumia kazini, mulango wa pili ni CNSS, chini ya sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016. Tawi la hatari za kazi linahusu matunzo, vifaa vya kusaidia mwili na malipo ya ulemavu. Lakini mulango huu una ufunguo mumoja, ni karatasi ya kutangaza ajali. Kapita mwenye anasema « tusiandike, tutapatana » anawafungia mulango. Na kompani yenye haikulipa CNSS jina lako, imeshaufunga zamani.

Wazee wetu wa Gécamines wanatusikia wakicheka kwa uchungu. Wao walikuwa na karte, na jamaa yote iliingia lopitali ya kompani. Mwaka wa 2003 na 2004, kwa Opération départs volontaires, zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka na franga mukononi. Franga iliisha, na lopitali ilikuwa imeshaenda na kazi. Hatutaki kurudia soko lile, la kuuza matunzo kwa bahasha.

Na ndugu zetu wachimbaji wa mukono? Wao hawana mwajiri. Jiwe linawapiga uso vilevile. Kwao, njia yenye tunaiona ni kuingilia Code minier ya 2018: kila kompani ya mugodi inapaswa kutoa 0,3 juu ya 100 ya mauzo yake kwa kazi za maendeleo ya wakaaji. Pale wakaaji wanakaa kuchagua kazi za kufanya, wanasema masomo, barabara, maji. Vizuri. Tunaomba wachifu, wamama na wakubwa wa koperative waseme pia: chumba cha kupasulia, na munganga wa taya kwa lopitali ya provensi.

TUNAOMBA NINI, NA JAMAA ZIFANYE NINI

Kwa convention collective inayokuja, tunaomba delege wote, sendika yoyote, waweke maneno manne. Moja, iandikwe kama kutengeneza uso nyuma ya ajali, moto ao kilema cha kuzaliwa ni matunzo, na neno esthétique lisitumike kukataa karatasi ya munganga. Mbili, ruhusa ya operasio ya mifupa ya uso itoke kwa siku mbili, si kwa wiki tatu. Tatu, operasio zenye munganga alipanga ziendelee hata mukataba ukiisha. Nne, wafanyakazi wa sutretansi wawe ndani ya mapatano yale yale, juu jiwe haliulizi rangi ya badge.

Kwa jamaa, tunaacha mambo machache ya kushika:

Mutu akiumia uso na kutoka damu mingi, musimulaze chali, damu itamuziba pumuzi. Akiwa na akili yake, akae na kuinama mbele. Lakini kama alianguka ao jiwe lilimupiga sana, shingo isigeuzwe ovyo.

Asidi ikigusa uso ao macho: maji safi, mengi, palepale, dakika 20 ao 30. Musipake dawa ya meno, mafuta wala majani.

Jino lenye limetoka zima, mulishike kwa upande mweupe, mulitie ndani ya maziwa, mukimbie nalo lopitali. Katika saa moja ya kwanza linaweza kurudishwa.

Mutu mwenye kufungwa meno kwa waya, mukasi wa kukata waya uwe karibu naye usiku na mchana. Akitapika na meno yake yamefungwa, anaweza kufa. Muombe munganga awaonyeshe pa kukatia.

Mwisho, karatasi. Mutunze kopi ya tangazo la ajali, picha za radio, barua ya munganga yenye kusema operasio ngapi zimebaki. Na siku wanawaletea karatasi ya kusema « umepona, saini hapa », musisaini mbele ya munganga wenu kuandika kama kazi yake imeisha. Mutu akisaini uso ukiwa nusu, kutafuta nusu yenye kubaki ni kesi ya miaka.

Kobalti yetu inaenda kwa simu na kwa magari ya ng'ambo, na kule wanajua bei ya kila kilo. Bei ya taya moja ya mineur, hakuna mutu ataiandika mahali petu. Delege, ukurasa wa matunzo uko mbele yenu. Safari hii musiupitishe kwa dakika kumi.